Siku moja maishani mwangu: Jumatatu baada ya saa kusogezwa

Kila mwaka, karibu na tarehe 20 Machi, saa ya Uingereza na saa yetu ya Kiswahili hupatana kwa siku chache. Jua la Sheffield huchomoza saa kumi na mbili asubuhi na kuzama saa kumi na mbili jioni, kama jua lililolelewa Tanga. Nyakati nyingine ni vurugu tupu. Desemba linaamka saa mbili na ushei, na saa kumi alasiri limeshalala. Juni ukisema "saa tatu usiku" watoto wanakucheka, maana nje kweupe na jirani anakata majani.

Basi hizo siku chache za Machi mimi huzifaidi. Nikisema saa moja asubuhi, ni saa moja kweli, jua lina saa moja tangu litoke. Halafu inafika Jumapili ya mwisho ya mwezi, saa saba usiku inarukishwa kuwa saa nane, na mapatano yamevunjika mpaka Machi nyingine.

Hii ni Jumatatu iliyofuata.

Saa kumi na robo, alfajiri

Simu iliniamsha chumbani. Nikaizima, nikaiacha pale pale kwenye chaji, nikashuka jikoni kwa daku. Nilikuwa nafunga sita ya Mfungo Mosi, zile siku sita za baada ya Ramadhani, na hiyo ilikuwa siku ya nne.

Jiko letu lina kisaa chenye tarakimu za kijani. Kilisema 3:20. Usingizi mbaya jamani. Nikajiambia, kumbe nimewahi, saa tisa na ushei tu. Nikabandika uji wa ulezi, nikawa naukoroga taratibu kama mtu asiye na deni. Nikayatoa kwenye friji maharage ya nazi ya jana yake. Nje giza, lakini ndege alikuwa keshaanza. Kuna mmoja mweusi mwenye mdomo wa manjano, majira haya huimba kabla hata hakujapambazuka, na wa kwetu kachagua antena ya jirani. Nikamsikiliza. Nikaupuliza uji. Nilikuwa nimepiga mafunda matatu simu ilipoadhini huko juu.

Saa zote za nyumba tulizisogeza Jumapili, ya sebuleni na ya chumba cha watoto. Ya jiko hakuna anayejua inarekebishwa vipi. Kuna vitufe viwili vya kubonyeza kwa pamoja na cha tatu cha kuzungusha, na kitabu cha maelezo alibaki nacho aliyetuuzia jiko. Nikayafunika maharage bila kuyaonja, nikaumimina uji kwenye bakuli la jioni, nikaenda kuswali na mafunda yangu matatu tumboni.

Saa moja kasorobo

Jua lilichomoza. Siku tatu nyuma lingechomoza kabla ya saa kumi na mbili.

Baba watoto akarudi kutoka zamu ya usiku ghalani. Jamaa zetu wa nyumbani wanatutania kwamba huku tunabeba boksi. Yeye anayabeba kweli, usiku kucha. Watoto walikuwa likizo ya Pasaka, kwa hiyo makabidhiano yetu yalikuwa mlangoni, mimi nimevaa koti, yeye anavua viatu.

"Nguo ziko mashineni. Zikimaliza nianikie."

"Nje?"

Tukatazamana. Toka Oktoba nguo za nyumba hii zinakaukia juu ya vyuma vya joto, na zote zinanuka kama chumba. Akachungulia uani, akaangalia mbingu kama nahodha. "Nje," akasema.

Saa tatu, juu ya mlima

Kazi yangu ni ya kea, kuhudumia wazee majumbani. Unafungua kisanduku cha namba kilicho ukutani, unatoa ufunguo, unabisha hodi kwa sauti huku umeshaingia. Nusu saa kila nyumba: kuogesha, kuvisha, dawa, kifungua kinywa, na kila ulichofanya unakiandika kwenye simu. Muda wa kutoka nyumba hii kwenda ile kampuni haiuhesabu. Na Sheffield ni mji wa vilima. Huo mlima wa Walkley peke yake, ningelipwa kwa hatua, saa hizi ningekuwa nimeshajenga.

Nyumba ya kwanza ilipita salama, mzee alikuwa amelala zaidi ya kuamka. Ya pili ni ya bibi wa miaka 91 ambaye hulipiwa saa nzima, na ndiye ninayempandia mlima kwa moyo. Ananiita "mpenzi". Usishtuke, Sheffield kila mtu ni mpenzi, hata dereva wa basi mwenye ndevu zake atakuita hivyo akikukatia tiketi. Mwaka wa kwanza nilikuwa naona haya. Kilichonishinda zaidi ni kumwita yeye kwa jina lake la kwanza bila shikamoo wala nini. Mpaka leo nikimpa kikombe cha chai magoti yanakunjika kidogo yenyewe.

Saa yake ya ukutani ilikuwa nyuma saa moja. Nikavuta kiti nipande niisogeze.

"Iache," akasema. "Oktoba itakuwa sawa."

Zamani ilikuwa kazi ya marehemu mume wake, na tangu hapo ile saa haijaguswa. Nikamwambia kwetu saa hatuisogezi, tunaanza tu kuhesabu jua likitoka. Akafikiri, akasema hiyo ina akili kuliko ya yule mjenzi. Alimaanisha William Willett, aliyeanza kupigia debe habari ya kusogeza saa mwaka 1907 kwa sababu ilimuuma kuona watu wamefunga mapazia na jua limetoka. Alifariki mwaka 1915, na sheria ikapitishwa mwaka 1916, wakati wa vita. Kwa hiyo hakuwahi hata kuamka amekosea daku.

Lakini dawa ni dawa, na bibi huzitazamia saa ile ile ya ukutani. Nikaandika "+1" kwenye karatasi, nikaibandika chini ya saa. Hiyo akaikubali.

Kifungua kinywa chake wiki ya kuelekea Pasaka ni vile vimikate vyao vitamu vyenye zabibu kavu na mdalasini, vimechorwa msalaba juu. Unavikata katikati, unavichoma, unapaka siagi iyeyuke mpaka ichuruzike pembeni. Nimevipaka siagi mimi, na mafunda yangu matatu. Sitaki kulizungumzia sana hilo.

Alipomaliza akataka kukaa kwenye mlango wa nyuma. Uani kwake maua ya dafodili yalikuwa yamejaa, yale ya manjano, mengine yameanza kusinyaa kama karatasi ya pipi. Kwenye ukuta wa kibanda cha majembe limetundikwa birika kuukuu la bati, lina kutu, mdomo umeelekea chini. Akaninyooshea kidole. Ndege mdogo mwenye kifua chekundu, robin, alikuwa anaingia na kutoka. Anaingia na jani kavu, anakaa kidogo, anatoka mtupu. Anaingia na bonge la kuvumwani la kijani limemzidi kichwa.

"Nichane nywele hapa hapa," bibi akasema.

Nikamchana. Nywele zake ni nyeupe, laini mno, zinashikana na kichana kama utando. Nilipomaliza nikazitoa zile zilizobaki kwenye meno ya kichana, nikazisokota, nikageuka kutafuta pipa.

"Hapana mpenzi, zitupe kwenye majani. Atazichukua."

Nilisimama pale na kile kifundo mkononi. Mimi nimekuzwa na nyanya ambaye nywele za kichanani hazikuwahi kulala nje. Alizikusanya, akazifunga kwenye kitambaa, akazifukia mwenyewe, na sisi wajukuu tulijua bila kuuliza: nywele zako zikiokotwa, umeokotwa wewe. Na huyu bibi anataka nizirushe upeponi ndege akajengee. Nikamuuliza kama ana hakika. Akanitazama kama vile nimeuliza kama ana hakika anataka chai.

Nikazirusha. Hazikwenda mbali, zilinasa kwenye nyasi, ziking'aa. Tukangoja. Robin akaja, akaziruka, akachukua jani. Akaja tena, akaziruka. Mara ya tatu akatua karibu, akainamisha kichwa upande mmoja, akazibana mdomoni zote kwa pamoja zikamning'inia kama masharubu ya babu, akaingia nazo birikani.

Bibi hakusema neno. Mimi nikasoma Ayatul Kursiy moja, kimoyomoyo, ya kwake na ya ndege. Kwenye simu nikaandika: amekula vizuri, amechanwa nywele, yuko na furaha.

Saa sita mpaka saa kumi

Nyumba nne, hakuna la kusimulia, ila viatu. Katikati nilishuka Spital Hill kununua tende na ndizi mbichi. Sokoni nikapata yale majani ya kijani kibichi ambayo hapa hutoka kwa wingi machipuko yakianza, laini, bado hayajafunga kichwa. Wao huyachemsha mpaka yakate tamaa. Kwangu ni sukuma wiki, kata nyembamba, kitunguu, nyanya, basi.

Saa kumi na nusu kasoro

Nilipofika nyumbani nguo zilikuwa kambani, safu mbili, zinapepea. Nikaishika shuka moja nikaipeleka puani kabla hata ya kuingia ndani. Imekauka. Inanuka jua. Nilikuwa nimeisahau harufu hiyo.

Dirishani watoto walikuwa wamepanga makopo ya mtindi yenye mchicha. Mbegu nilizipukusa mwenyewe mwaka jana, nao walikuwa wamezimwaga kama chumvi, kopo moja lina miche hamsini, myekundu chini kijani juu, inasukumana. Wanataka kuihamishia nje kesho. Nimewaambia mpaka katikati ya Mei, baridi ya usiku mmoja tu inaweza kuifagia yote. Hawaniamini, kwa sababu leo kuna jua.

Nikakaa kwenye kizingiti. Mama akapiga.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umeshafuturu?"

"Mama, huku bado masaa matatu."

"Matatu ya nini? Wiki iliyopita si tulikuwa tunaachana matatu, jana mdogo wako ananiambia sasa mawili. Nyie saa mnaisogeza kama meza."

Na yeye alikuwa kwenye sita yake. Akanieleza masika yameingia Tanga, usiku kucha mvua, asubuhi jua la kudanganya, akaanika, mvua ikamkuta na nguo kambani. Upepo haujui unakotoka, kaskazi imechoka na kusi haijafika, ndiyo maleleji yenyewe. Nikamsikia anaburuta kiti. Halafu, nyuma yake, adhana ya msikiti wa mtaani kwetu, ile ile, spika ile ile inayokwaruza mwanzoni. Mama akasema bismillahi, akatafuna tende sikioni mwangu. Akanywa maji. Nilisikia funda likishuka.

Ndipo kitu kikagonga bati la pipa la taka. Kimoja, kisha kumi. Nikainua macho: jua bado linawaka upande wa magharibi, na juu ya kichwa changu wingu jeusi linamwaga mvua ya mawe, punje ndogo nyeupe kama sukari ya mawe.

"Nini hicho?" mama akauliza.

"Mvua ya mawe, mama."

"Na nguo?"

Sikujibu.

"Anua nguo!" akapiga kelele toka Tanga, na tende mdomoni. "Anua nguo, mtoto we!"

Nikakimbia. Watoto wakakimbia. Baba watoto akatoka na msuli, macho mekundu ya usingizi, akakumbatia shuka zote mbili kwa pamoja na kamba ikakatika. Dakika tano baadaye jua lilikuwa linawaka kama vile wingu halikuwepo, na kila nguo ilikuwa imeloa. Tukazirudisha juu ya vyuma vya joto.

Saa moja na dakika 37, usiku

Bado kuna weupe nje, lakini magharibi imeingia. Tende, maji. Uji wa alfajiri, umepashwa moto, umeshika kidogo chini. Maharage ya nazi hatimaye. Sukuma. Watoto walikuwa wameshakula zamani, ila walikaa nami kwa ajili ya tende, na yule mdogo akawa anahesabu sahani yangu inavyopungua.

Nikawasimulia habari ya nywele na ndege. Binti akauliza kama anaweza kuweka za kwake uani. Nikasema hapana, haraka mno. Halafu nikasema tutaona.

Saa mbili na nusu baba watoto akawa anafunga kamba za viatu kwa zamu yake. Akapita jikoni kuchukua chakula, akasimama mbele ya jiko. Tarakimu za kijani zilisema 7:31.

"Mama watoto, hii saa tuitafutie fundi?"

"Fundi wa saa ya jiko?"

Akavuta droo, akatoa selotepu nyeusi, akakata kipande kwa meno, akaiziba. Mimi nikahamishia chaji ya simu jikoni.