WIBA ililipa kidole cha kijana wangu, na ushauri wa mtaa nikauacha mtaani

Ukitaka kujua Nakuru ina mawakili wangapi wasio na cheti, subiri mfanyakazi wako aumie kazini. Kijana wangu wa mashine alipojeruhiwa kidole, kufikia jioni nilikuwa nimeshapewa ushauri wa kutosha kunipeleka korokoroni. Jirani mwenye karakana ya mbao: "Mama, mpe elfu kumi, mwandikiane karatasi, aende kwao Molo akapumzike." Mteja wangu wa jumla: "Si kuna SHA, bima ya afya ya serikali? Hiyo itamaliza kila kitu." Binamu ya kijana naye alikuwa ameshapata mtu wa kupeleka kesi kortini, wagawane kitakachopatikana. Niliwaitikia wote vizuri, nikawapa chai, na sikufuata hata neno moja.

Nina bekari ndogo Free Area. Tunaoka mkate na skonzi, tuko watu tisa nikijihesabu, wengine wa mwezi na wengine wa kulipwa kila Jumamosi. Bima ya WIBA, ile ya kufidia wafanyakazi wanaoumia kazini, nilikata mapema kwa sababu sheria ya 2007 yenye jina hilo hilo inamlazimisha kila mwajiri awe nayo. Ukikosa, ni faini isiyozidi shilingi 100,000, au kifungo kisichozidi miezi mitatu, au yote mawili. Nani anataka kuacha unga ukiumuka aende kulala ndani?

Sasa huyo ajenti aliyeniuzia. Mtu mcheshi, mwenye briefkesi kubwa kuliko kazi yake. Malipo ya bima hii yanatoka mfukoni mwa mwajiri na hupigwa kwa asilimia ya mishahara ya mwaka mzima, na asilimia yenyewe hutegemea kazi: ya karani wa dukani iko chini, ya mtu wa mashine iko juu. Juu yake kuna vitozo vidogo na shilingi 40 za stempu. Basi ajenti akainama, akapunguza sauti kana kwamba ananiuzia bangi: "Mama, hapa tuandike watu wanne, elfu nane kila mmoja. Utalipa kidogo sana. Nani atakuja kuhesabu?"

Nimekuwa mweka hazina wa chama miaka mingi, nimeona karatasi za uongo zikirudi na meno. Nikamwambia aandike watu wote, mshahara wote, kazi zote jinsi zilivyo. Akacheka. Nikalipa zaidi ya alivyopendekeza, kama mara mbili na kitu hivi, na kwa wiki nzima dada yangu akaniita mlokole wa bima.

Ulokole haumo. Ni hesabu tu. Fidia ya WIBA hutokana na mshahara wa aliyeumia. Ukimkatia kijana bima ya elfu nane na kumbe unamlipa kumi na nane, siku ya ajali kampuni itataka vitabu vyako, itoe sehemu yake kulingana na ulichotangaza, na salio likurukie wewe. Huyo ajenti wakati huo atakuwa hapokei simu.

Ajali yenyewe ilikuwa ya sekunde. Ile mashine ya kukanda ina mkono wa chuma unaozunguka ndani ya bakuli, na unga mzito hupenda kugandia ukingoni. Kijana akaupangua kwa vidole bila kuzima. Nilisikia mashine ikibadilisha mlio, kisha yeye akiita "Mama!" mara moja. Tulizima stima ukutani. Ncha ya kidole cha shahada ilikuwa imekwenda, na ule unga tuliutupa wote.

Hospitali nililipa mimi, maana gharama za matibabu ya aliyeumia kazini sheria inamtwika mwajiri. Bima ilinirudishia baadaye kwa risiti, kwa hiyo weka risiti, hata ya teksi.

Kesho yake asubuhi nilikuwa ofisi ya kaunti ya DOSH, idara ya usalama na afya kazini. Mwajiri ana siku saba za kuripoti ajali, na ikiwa mtu amefariki ni saa 24. Watu wengi wanasubiri mgonjwa apone ndipo waripoti, sijui nani aliwafundisha hivyo. Fomu nikajaza sehemu yangu, nakala tatu, moja ikaenda kwa kampuni ya bima. Sehemu ya daktari ndiyo iliyosumbua: wa kwanza aliandika tu kwamba kidonda kimepona vizuri, sahihi, muhuri, kwaheri. Afisa akairudisha. Ile nafasi ya asilimia ya ulemavu wa kudumu ikiwa tupu, hakuna cha kuhesabu. Kijana akarudi kupanga foleni.

Halafu akaja bwana wa uchunguzi kutoka kampuni ya bima. Huyu ndiye ninayemfurahia mpaka leo. Shati jeupe, na akakataa kuketi kwa kuogopa unga. Swali la kwanza: "Kwani hakujua mashine inazunguka?" Nikajua anakoelekea. Nikamjibu kwamba WIBA haiulizi nani alikuwa mzembe. Mtu akiumia akiwa kazini analipwa, labda awe amejiumiza kwa utovu wa makusudi, na hata hapo akifa au akipata ulemavu mkubwa wa kudumu bado kuna malipo. Akaandika kitu.

Swali la pili lilikuwa kali zaidi. Jina la kijana halikuwemo kwenye orodha, kwa sababu aliingia baada ya bima kukatwa, akichukua nafasi ya mwingine aliyehama kwenda Kisumu. Hana barua ya kazi, hana hati ya mshahara, analipwa kwa wiki. "Mama, nitajuaje huyu ni mfanyakazi wako na si jamaa tu aliyepita kuomba mkate?"

Nilimwambia asubiri. Usiku uliotangulia nilikuwa nimeomba taarifa ya M-Pesa ya miezi sita, ile inayokuja kwa barua pepe ikiwa imefungwa kwa msimbo, nikaichapisha kwa jamaa wa saiba, kurasa nyingi mno, nikakaa na kalamu ya njano ya mwanangu. Kila Jumamosi jioni: jina lile lile, namba ile ile, kiasi kile kile, ukiondoa wiki ya Krismasi nilipoongeza kidogo. Njano, njano, njano mpaka chini. Na kama hiyo haikutosha, nikamtolea kitabu cha unga. Kila gunia linaloingia lazima aliyepokea atie sahihi, na kijana wangu ana sahihi ndefu ya majivuno, inayovuka mistari mitatu. Kurasa zilikuwa zimegandana kwa kinyunya, ikabidi bwana azitenganishe kwa ukucha. Alipofika ukurasa wa wiki ya ajali, sahihi ilikuwa ya msichana wa oveni. Akatazama tarehe, akafunga kitabu, akaomba kunakili. Kisha akaketi. Suruali nyeusi, unga mweupe!

Yule broka niliyempa karatasi azipeleke Nairobi alinizungusha na "kesho Mama" mpaka nikazichukua, nikapanda matatu na kuzipeleka mwenyewe, nikagongewa muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yangu. Tangu dai liwasilishwe, mwajiri au bima ana siku 90 za kulipa, na muhuri huo ndio unaoonyesha siku zinaanzia wapi.

Hesabu yenyewe haina uchawi. Unachukua mshahara wa mwezi, unazidisha kwa 96, halafu unachukua asilimia ya ulemavu ya jumla hiyo. Wa 18,000 inakuwa 1,728,000, na kwa asilimia 5 ni 86,400. Hiyo ni mbali na mshahara wa kipindi alichokuwa nyumbani akiuguza mkono, ambao hulipwa hadi miezi 12 mtu akiwa bado hawezi kazi. Linganisha na elfu kumi za jirani na karatasi yake.

Binamu na kesi yake walinyamaza nilipowaonyesha kwamba tangu Mahakama ya Juu iamue mwaka 2019, madai mapya ya majeraha ya kazini yanaanzia kwa Mkurugenzi wa DOSH. Hukimbilii kortini kumshtaki mwajiri. Mkurugenzi akikosea, unampinga kwa maandishi ndani ya siku 60, na usiporidhika na jibu lake ndipo unakata rufaa katika mahakama ya kazi.

Kijana mwenyewe alipoona hundi aliguna kwamba ni kidogo. Nikampa nauli na kumwambia ana siku zake 60, aende akaulize mwenyewe bila mimi kusimama nyuma yake. Afisa akamwonyesha kwenye jedwali la sheria asilimia za vidole, kimoja kimoja, kiungo kwa kiungo. Akarudi ameridhika, akaomba ahamishwe kutoka mashine aende oveni. Nilimhamisha.

Nimefunga kifuniko cha wavu kwenye ile mashine. Ukikiinua, inazima. Fundi wa Langa Langa alinitengenezea kwa elfu chache. Malipo ya bima ya mwaka huu yamepanda, nikanung'unika, nikalipa. Na mwenye karakana ya mbao amenitumia mtoto kuomba namba ya mtu wa kumkatia WIBA. Nimempa, ila si ya yule wa briefkesi.