Bakora ya Baba Mkwe

Bakora ya kwanza niliyoichonga kwa mkono wangu imetundikwa ukutani nyumbani kwa baba mkwe wangu, Tandika, juu ya kalenda, na sijapata kumwona akitoka nayo hata kwenda msikitini, ambako si mbali na mlango wake. Niliichonga barazani kwa miezi minne ya Jumamosi na Jumapili, nikitumia patasi tatu, tupa moja na kipande cha mpingo nilichokinunua kwa bei iliyomfanya mke wangu anitazame kwa muda mrefu bila kusema neno. Nilimchonga chatu aliyeuzunguka mti mzima kutoka chini hadi juu, magamba yake moja moja, na kichwa chake ndicho nikakifanya mahali pa kushika, mdomo wazi na meno nje. Mzee aliipokea kwa mikono miwili, akaigeuza huku na huku, akanisifu na kuniombea dua. Kisha akainuka, akachukua bakora yake kuukuu ya mkwaju iliyokuwa nyuma ya mlango, akanisindikiza nayo hadi barabarani.

Kumwuliza mkwe sababu haikuwa adabu, kwa hiyo swali lilipita kwa mke wangu, na jibu likarudi kwa njia hiyo hiyo: "Mwambie mwanangu nyoka wake ni mzuri sana, ila ananiuma."

Kosa la meno nililielewa mara moja. Makosa mengine nilielezwa na fundi mmoja pale Mwenge, penye soko la vinyago, ambaye nilimpelekea bakora ya pili niliyokuwa nimekwisha kuianza kwa mtindo ule ule. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akaishika bakora na kuisimamisha chini, akaiegemea kwa uzito wake wote, halafu akaniuliza, "Hii unamchongea mtalii au mzee?" Sikuwa na jibu, naye hakulingoja. Alinieleza kwamba mtalii huinunua fimbo kwa macho na kuiweka sebuleni, kwa hiyo unaweza kumchongea chochote, lakini mzee huiweka chini ya kiganja kutwa nzima, na kila kinachojitokeza pale kitamchoma.

Akaja kwenye uzito. Mpingo ni mti mzito kiasi kwamba ukiutia majini unazama, na una ule weusi wa kung'aa unaopendwa na wachongaji wa Kimakonde, na hata na watengenezaji wa zile ala za kupuliza ziitwazo klarineti huko ng'ambo. Baadaye nilipiga hesabu nyumbani: fimbo ya mpingo yenye urefu wa sentimita 90 na unene wa sentimita 2.5 inapita nusu kilo, ilhali ya mninga yenye vipimo hivyo hivyo haifiki gramu 350. Kwa kijana tofauti hiyo si kitu, lakini mwenye miaka sabini na kitu anayeinyanyua kwa kila hatua ataihisi begani kabla ya adhuhuri. Nitaongeza la kwangu kuhusu mpingo, kwa kuwa lilinipata: vumbi lake linawasha ngozi na kukereketa kifua, na anayeupiga msasa bila kufunika pua atakohoa usiku.

Basi nikaanza upya kwa mkwaju. Jirani alikuwa amekata matawi yaliyoelemea bati lake, nikachagua moja lililojipinda lenyewe karibu na shina, kwa sababu bakora nzuri hupinda kichwani, na mpindo uliokua na mti una nyuzi zinazoufuata kona, tofauti na ule unaokatwa kwenye ubao ulionyooka, ambao nyuzi zake hukatikia pale pale na siku moja huvunjika mkononi mwa mtu. Nilizipaka ncha zote mbili nta ya mshumaa ili unyevu usitokee huko kwa haraka na kuupasua mti, nikaliweka tawi uvunguni mwa kitanda kwa miezi minane. Joto na unyevu wa Dar es Salaam havisaidii sana katika kazi hii. Wakati wa masika nililikuta limeota ukungu, nikalifuta na kulirudisha.

Urefu nilipimiwa na mke wangu, kwa hila. Mzee alisimama wima akiwa amevaa kandambili zake za kila siku, mikono imening'inia, naye akapima kutoka sakafuni hadi kwenye mkunjo wa kifundo cha mkono. Hapo ndipo kiganja kinapotakiwa kukaa, ili kiwiko kikunjike kidogo anapoegemea. Ile ya chatu ilikuwa imezidi karibu sentimita 7, na mimi nilikuwa nimeuona urefu huo kuwa ni ufahari.

Urembo sikuuacha, maana bila urembo nisingekuwa na sababu ya kuchonga. Niliuteremsha tu shubiri moja chini ya mpindo, mahali ambapo mkono haufiki. Niliviringisha uzi kuuzunguka mti kwa mshazari, nikafuata njia yake kwa penseli, nikachonga msuko wa ukili kama wa mkeka, kwa kina cha milimita mbili tu ili mti usidhoofike. Patasi niliipeleka upande nyuzi zinakolala. Mara moja nilijisahau, ikadaka nyuzi na kung'oa kibanzi, na alama hiyo ipo hadi leo kwa anayejua pa kutazama. Kichwa nilikipiga msasa, kutoka ule wa kukwaruza hadi ule laini kabisa, nikakisugua kwa nta ya nyuki na kitambaa. Chini nikapigilia kipande cha tairi, kama kile cha katambuga.

Mzee hakuisifu sana safari hii, wala hakuniombea dua ndefu. Aliishika, akaenda nayo uani, akarudi, akaniuliza kama chai yangu ina sukari ya kutosha. Goti linalomsumbua ni la kushoto, kwa hiyo bakora huishika mkono wa kulia, na juzi nimeona kile kipande cha tairi kimelika upande mmoja. Jumamosi nitampelekea kingine.