Kuhesabu Pumzi kwa Kitufe Kimoja

Usiku wa kuamkia jana mwanangu, ambaye ana umri wa miezi 14, alikuwa na homa na kikohozi, nami nilitaka kujua jambo moja tu: anapumua mara ngapi kwa dakika. Kwa mujibu wa mwongozo wa Shirika la Afya Duniani, mtoto wa kati ya mwaka 1 na miaka 5 mwenye kikohozi, akipumua mara 40 au zaidi kwa dakika, huhesabiwa kuwa anapumua haraka, na hiyo ni dalili ya nimonia. Nilijaribu kwa saa ya simu nikapata 36, kisha 45, kwa sababu kila nilipoitazama saa, kifua kiliinuka bila mimi kukiona.

Nikafungua kompyuta na kuandika programu fupi kwa Python, lugha ya kuandikia programu, isiyozidi mistari 15, ambayo kila nibonyezapo kitufe cha nafasi huandika wakati ule kwenye faili, na hutoa mlio sekunde 60 zikitimia. Macho yakabaki kifuani mwake, kidole kikafuata. Mara ya kwanza kidole kilikawia juu ya kitufe, na faili likajaa mistari iliyosongamana, kwa kuwa kibodi hurudia kitufe kinachoshikiliwa. Nikaiagiza programu ipuuze mbonyezo wowote unaokuja kabla ya robo ya sekunde kupita tangu ule uliotangulia.

Mstari wa kwanza ulioandikwa sawasawa unaonyesha 02:17, yaani saa nane na dakika 17 usiku. Nilihesabu mara tatu: 43, 44, 43. Hata hivyo, kilichonituliza mawazo ni nafasi kati ya pumzi na pumzi, ambazo zilikaribia sekunde 1.4 karibu zote, isipokuwa katika dakika nyingine moja aliyolia, ambapo zilivurugika kabisa. Dakika hiyo niliitupa, kwani mtoto huhesabiwa akiwa ametulia. Kwa kuhesabu kichwani ningebaki na jumla tu, nisijue ipi ya kuiamini.

Tulifika hospitali kabla ya alfajiri. Daktari alimfunua kifua, akahesabu kwa saa yake dakika nzima, akapata 44, akamwandikia amoksilini, dawa ya kuua bakteria.

Leo jioni, akiwa usingizini, nimebonyeza tena: 31, na kati ya pumzi na pumzi karibu sekunde 2. Nitahesabu tena saa nne, kabla sijalala.