Modeli ya sinagogi la Dura-Europos: wiki ya tano

Kuta nne za modeli yangu ya sinagogi (nyumba ya sala ya Wayahudi) la Dura-Europos, mji wa kale wa Syria, zimesimama. Kila meta moja naifanya sentimeta mbili, kwa hiyo ukumbi wa sala, wenye urefu wa karibu meta 13.7 na upana wa meta 7.7, umetosha kwenye kadibodi ya sentimeta 27.4 kwa 15.4. Baraza zinazozunguka kuta zimekaa, na kidaka cha Torati kipo ukuta wa magharibi, ambako waumini walielekea Yerusalemu.

Kilichonisumbua ni mchanga. Mwaka 256 hivi, Waajemi wa Kisasani walipoujia mji huu wa mto Frati, askari wa Kirumi walijaza udongo nyuma ya ukuta wa mji ili usibomolewe. Walifukia barabara, kisha nyumba za jirani, sinagogi likiwemo. Lilikuwa limejengwa upya mwaka 244/245. Tarehe hiyo, pamoja na jina la Samweli, mzee wa Wayahudi wa mji huo, iliandikwa kwa Kiaramu kwenye vigae vya dari. Mji ukaanguka, na picha za ukutani zikakaa gizani hadi Novemba 1932, wachimbaji wa Chuo Kikuu cha Yale na wenzao Wafaransa walipozifikia.

Nilimwaga mchanga ukalala sawa kama maji ndani ya beseni. Nikarudi kwenye picha za uchimbaji: kumbe lile tuta lilikuwa mteremko! Ukuta wa magharibi, uliokaribia ukuta wa mji, ulizikwa karibu wote ukasalimika. Wa mashariki ulibakiza sehemu ya chini tu. Nikautoa mchanga wote, nikachukua kisu, nikazikata kuta za kando mshazari. Iliniuma, maana nilikuwa nimeshazipaka lipu. Lakini sasa ukiitazama modeli ubavuni unaelewa mara moja kwa nini picha ya Musa, ya ukuta wa magharibi, imebaki na zile za mashariki zimepungua.

Huyo Musa nimemmaliza jana usiku. Binti Farao amesimama mtoni, mtoto mkononi, na mtoto mwenyewe ni mdogo kuliko punje ya mchele. Brashi nimeipunguza hadi nywele tatu. Kwenye picha ya jirani, nabii Samweli anampaka Daudi mafuta mbele ya kaka zake. Joho la Daudi ni la zambarau, na rangi hiyo nimeichanganya mara nne kabla ya kuridhika.

Picha za asili ziko Makumbusho ya Taifa, Damaski. Magofu yenyewe yamechimbwachimbwa na wezi wakati wa vita vya Syria, na hilo ndilo linalonifanya nisikubali kukisia kipimo hata kimoja.

Jumapili nahamia kushoto kwa kidaka: Mordekai, yule wa kitabu cha Esta, juu ya farasi mweupe.