Tarehe za Zabuni na Tarehe za Mvua

Wakati huo nilikuwa katibu wa kamati ya mipango ya tabianchi ya wadi yetu, katika kaunti moja ya Ukambani. Kaunti ya Makueni ilikwisha kutunga kanuni zake mwaka 2015, zikitenga asilimia 1 ya bajeti ya maendeleo kwa mfuko wa tabianchi. Sisi pia tulikuwa na sheria, fedha, na mradi uliopitishwa barazani: bwawa la mchanga (ukuta unaokinga mto ili mchanga ujae nyuma yake na kuhifadhi maji) kwenye mto wa msimu ambao akina mama huuchimba kila kiangazi wakitafuta maji. Hata hivyo, faili ya mradi ilikaa miezi katika ofisi moja, na kila nilipoiulizia niliambiwa kwamba inashughulikiwa.

Siku moja ya Machi nilimkuta mezani afisa mpya wa ununuzi. Aliifungua faili mbele yangu, akanionyesha ukurasa wa makadirio ya gharama uliopigwa muhuri bila kutiwa sahihi na mhandisi; kwa ajili ya sahihi hiyo moja, kazi yote ilikuwa imesimama. Kisha akaniuliza jambo ambalo hakuna aliyewahi kuniuliza pale: "Mzee, mto wenu huanza kujaa lini?"

Nikamjibu kwamba vuli huingia Oktoba, na kufikia Novemba mto hauvukiki. Alichukua karatasi, akahesabu kurudi nyuma: zege lipate wiki kadhaa za kumwagiliwa maji na kukomaa kabla ya kupigwa na mafuriko, mkandarasi apate muda wa kuchimba hadi kwenye mwamba, zabuni ipewe siku zake za kisheria, na mkataba utiwe sahihi kabla ya mwaka wa fedha kufungwa 30 Juni. Tumezoea kulaumu uhaba wa fedha tunapozungumzia ukame, lakini siku ile fedha zilikuwapo. Aliyekosekana miezi yote hiyo ni mtu wa kuzipangia tarehe.

Mhandisi alitia sahihi wiki hiyohiyo, na ukuta ukakamilika Septemba. Kamati iliomba hesabu ile iingizwe katika kumbukumbu za kikao, kwa kuwa maafisa huhamishwa, na kweli yule afisa alihamishwa. Aliyemfuata aliikuta ndani ya faili, naye akatangaza zabuni ya bwawa letu la pili mwezi wa Februari, bila sisi kumfuata.