Saa ya Mama: kutoka Python kwenda C

Kwenye laptopu yangu nina programu ndogo niliyoiandika kwa lugha ya kompyuta iitwayo Python, inayosoma saa kwa Kiswahili. Ukiipa 9:30 inakujibu "Saa tatu na nusu asubuhi". Mama aliipenda, akaniomba ya kuweka mezani sebuleni, maana saa ya simu humlazimu apige hesabu ya sita kila anapoitazama. Basi nikatoa kabatini Arduino Uno, kibao kidogo cha kompyuta, skrini ya herufi 16 kwa mistari miwili, na chipu ya DS3231 inayotunza muda kwa betri ndogo. Uno ina kumbukumbu ya kazi ya kilobaiti 2 tu, kwa hiyo Python haikai humo. Ilibidi kodi yote, yaani maagizo ya programu, ihamie C, lugha nyingine ya kompyuta.

Jumamosi jioni

Nimehamisha mstari kwa mstari. Moyo wa programu ni huu: `(saa - 6) % 12 or 12`. `saa` ni saa ya simu, 0 hadi 23. Unatoa sita, unazungusha kwenye kumi na mbili (`%` inakupa baki ya kugawanya), na ikibaki sifuri unaweka 12 (`or` ni "au"). Katika C nimeandika `||` mahali pa `or`. Nimewasha saa moja usiku, skrini ikaandika "Saa moja usiku". Nilifurahi sana. Nikala, nikarudi saa mbili na nusu: bado saa moja.

Kumbe `or` ya Python inakurudishia thamani yenyewe, ile ya kwanza isiyo sifuri. `||` ya C inajibu ndiyo au siyo tu, yaani 1 au 0. Na kwa kuwa 12 si sifuri, jibu ni 1 siku nzima. Nimeitoa, nikaweka `if (s == 0) s = 12;`. Saa nne kasorobo imesoma sawasawa, nikaenda kulala.

Jumapili, saa tisa usiku

Nimeamka kunywa maji, nikapita sebuleni. Skrini ina viboksi vyeusi na herufi za Kijapani.

Hii imenichukua muda kuielewa, kwa sababu alama ni ileile, `%`. Saa tisa usiku ni 3, ukitoa 6 unapata -3. Python inasema -3 % 12 ni 9, ndiyo saa tisa. C inasema ni -3. Kisha nikaitumia hiyo -3 kuchukua jina kwenye orodha ya majina ya saa. Python ingehesabu kutoka mwisho wa orodha. C haiulizi kitu, inakwenda kusoma kumbukumbu iliyo kabla ya orodha na kukuletea chochote ilichokikuta huko. Dawa ni kuongeza kabla ya kuzungusha: `(saa + 6) % 12`. Kutoa sita na kuongeza sita ni kitu kimoja kwenye mzunguko wa kumi na mbili, na namba haishuki tena chini ya sifuri.

Sikutaka kuotea tena. Nimeiambia Python iandike saa ya kila dakika ya siku, mistari 1440, kisha nikaendesha kodi ya C kwenye laptopu hiyohiyo na kulinganisha. Kabla ya dawa, mistari 345 ilitofautiana, kuanzia saa sita usiku hadi pale kasorobo ya saa kumi na mbili inapoanza. Baada ya dawa, hakuna hata mmoja.

Jumapili asubuhi

Mama ameniita. "Mwanangu, jua lote hili, mbona inasema usiku?" Saa tatu na dakika saba. Nimetoka mbio.

Kuchagua asubuhi au usiku nilikuwa natumia sekunde tangu saa sita usiku. Kwenye laptopu `int`, aina ya kawaida ya namba nzima katika C, ina biti 32. Kwenye Uno ina biti 16, mwisho wake 32767, na siku ina sekunde 86400. Saa tatu na dakika sita na sekunde nane, hesabu inafika 32768 na kugeuka kuwa hasi, na kodi ikaona bado ni usiku. Ndiyo maana kipimo changu cha laptopu hakikuona kitu. Ningeweza kuweka `long`, aina ya namba yenye nafasi kubwa zaidi, lakini nimeziondoa sekunde kabisa; dakika haziwezi kuzidi 1439. Safari hii mistari 1440 nimeiendesha ndani ya Uno yenyewe, ikaja laptopu kwa waya wa USB. Yote imelingana.

Jumatatu

Imebaki skrini. "Saa kumi na moja" ni herufi 16 kamili, inakaa. "Saa kumi na mbili" ni 17, inakatwa kuwa "mbil". "Kasorobo alfajiri" nayo 17. Nilijaribu kuondoa neno "Saa", Mama akakataa: bila hilo neno, anasema, ni namba tu. Yuko sahihi. Nimeagiza skrini ya herufi 20 kwa mistari minne. Maktaba, yaani kodi iliyoandikwa tayari ya kuendesha skrini, ni ileile, ni kubadilisha namba mbili tu kwenye kodi.