Nilivyonusuru mlango wa bibi, Mikindani

Yule mnunuzi alikuja na futi ya kupimia, akaupima mlango wa bibi kabla hata hajapewa kiti. Bibi alikuwa ametutoka miezi mitatu nyuma. Binamu zangu walishapatana bei na mnunuzi, maana nyumba yenyewe waliiona gofu: paa limebonyea, kuta zinamomonyoka.

Mimi nimekulia nyuma ya mlango ule, hapa Mikindani, mji mkongwe wa pwani jirani na Mtwara. Mfaa wake, ule ubao wa katikati ya mbao mbili za mlango, umechongwa maua, na pembezoni mwa fremu unapita mnyororo, ambao tulipokuwa watoto tulikuwa tukihesabu pete zake kwa vidole. Nikamwomba mjomba anipe wiki mbili.

Nilikwenda Mtwara mjini kuulizia. Huko nikaelezwa Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964. Majengo inayoyalinda moja kwa moja ni ya kabla ya 1863, na yetu sikuwa na namna ya kuthibitisha umri wake. Lakini milango ya mbao yenye nakshi za kimashariki, iliyochongwa kabla ya 1940, imetajwa humo, na kuitoa nchini bila kibali ni kosa. Bibi alizaliwa kabla ya Vita Kuu ya Pili na mlango aliukuta. Mjomba alisoma ile karatasi mara mbili, akampigia simu mnunuzi. Hakurudi tena.

Ikabaki nyumba. Kuta ni za mawe ya matumbawe, na miaka ya nyuma tulizipiga plasta ya saruji tukidhani tunaziimarisha. Fundi mmoja mzee aligonga ukuta kwa kifundo cha kidole, akasikiliza.

"Mjukuu wangu, nyumba hii mmeiziba pua."

Akanieleza. Unyevu wenye chumvi hupanda kutoka ardhini, na chokaa huuacha utoke. Saruji huuzuia, chumvi inagandia ndani, na plasta ikianguka inaondoka na jiwe. Tuliibandua saruji yote kwa patasi mwezi wa sita, tukaziacha kuta zikauke kiangazi kizima. Chokaa tuliiloweka kwenye mapipa kwa wiki kadhaa, tukaichanganya na mchanga. Baada ya kupaka tulifunika kuta kwa magunia mabichi siku kadhaa, maana chokaa ikikauka upesi inapasuka. Hapo ndipo nilipokaribia kukata tamaa: kuyamwagia maji magunia alfajiri, adhuhuri na usiku, na kazini wananisubiri. Boriti mbili za mkoko zilizooza tulizibadilisha. Ndipo nikaelewa kwa nini vyumba vya Mikindani ni vyembamba: upana wa chumba ni urefu wa boriti.

Wageni wakija hupelekwa kwenye Boma la Wajerumani la 1895, ambalo sasa ni hoteli, na kwenye nyumba yenye kibao cha Livingstone, aliyeanzia hapa safari yake ya mwisho ya bara mwaka 1866. Sina ugomvi na hayo. Ila pembe, sandarusi, mpira na watu waliouzwa utumwani vilipita katika mji huu, na waliojua habari hizo kwa majina walikaa kwenye baraza kama ya bibi. Nyumba hizi zimesalia kwa sababu ya umaskini: Waingereza walipoanzisha mradi wa karanga mwaka 1947 walitaka bandari ya kina kirefu, wakaijenga Mtwara. Mradi uliachwa 1951, bandari ikabaki, biashara na ofisi zikahama. Huku hapakuwa na mwenye fedha za kubomoa na kujenga upya.

Mvua za Desemba ziliponyesha nililala chumba cha bibi. Usiku niliamka nikaupapasa ukuta. Mkavu. Upande wa uani bado hatujaugusa. Chokaa yake imelowekwa kwenye pipa, na anayeikoroga kila Ijumaa baada ya swala ni binamu yangu aliyepatana bei ya mlango.